Ranchi Bila Seng'enge

Ukitaja neno "ranchi" kwa mtu wa Nairobi, picha inayomjia ni Laikipia: maelfu ya ekari, seng'enge inayokwenda mpaka macho yachoke, Land Cruiser ya kijani, na mzungu wa kizazi cha nne anayeongea Kiswahili kunishinda. Akili ikitoka nje ya Kenya, inaruka moja kwa moja hadi kwa makauboi wa filamu. Hakuna anayefikiria Ndhiwa. Mimi mwenyewe nimelelewa Umoja, na kwa miaka mingi nikisema "tuna ng'ombe nyumbani" nilimaanisha kile watu wengi wa huku wanamaanisha: kuna mzee fulani shags, ana ng'ombe wawili watatu chini ya mti, na Disemba mmoja anaumia.

Hesabu za babu yangu hazikuwa hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 70 alikuwa na ng'ombe 80 na kitu, lakini ukifika kwake jioni ungewakuta 15 tu zizini. Wengine walikuwa wamelala kwa watu: Uriri, Karungu, milimani Gwassi, kwa shemeji zake Suna, na wanne au watano Ukuria, upande wa Kehancha, ambako baadaye baba yangu alipata mke. Haya nimeyajua kwa Dani, bibi yangu. Karo ilipogoma niliacha chuo mwaka wa pili, nikaenda kukaa naye miezi minane, mchana nikiandikia watu makala kwenye simu, jioni yeye akinisomea ng'ombe. Nasema kunisomea kwa sababu ndivyo ilivyosikika. Dani hajui kuandika, ila kila ng'ombe anamjua kwa rangi yake, kwa mama yake, kwa nyumba iliyommiliki na kwa mtu aliyemchunga. Rateng' alimzaa Silwal, Silwal akaenda Karungu, akazaa mara tano, madume mawili yakarudi kulipa mahari ya ami yako, jike moja likabaki kwa mwenye kuchunga. Hivyo mpaka taa iishe mafuta.

Mpangilio huo kwa Dholuo unaitwa kwayo, neno linalotokana na kuchunga. Unampelekea rafiki au ndugu ng'ombe wako jike akae naye. Yeye anakunywa maziwa, anatumia samadi shambani, na baada ya uzao mlioelewana anapata ndama wake. Ng'ombe na wanaobaki ni wako. Hakuna karatasi. Kuna majirani walioona, na kuna aibu, basi. Mwanaanthropolojia Mmarekani anayeitwa Parker Shipton amewaandikia Wajaluo vitabu kadhaa, na kimoja, The Nature of Entrustment cha 2007, karibu chote kinahusu habari hii ya kuwekeana mali. Ukikisoma unaelewa kwamba mtu wa huku alikuwa anaweza kuwa mkopeshaji na mdaiwa siku moja, na ng'ombe walio mbele ya boma lake labda hawakuwa wake, na wake hawakuwa mbele ya boma lake.

Mtu wa nje akiona hivyo atasema ni ukarimu wa Kiafrika. Ukarimu ulikuwepo, sikatai, lakini mimi nikiangalia naona mtu anayeendesha biashara ya mifugo kwa akili sana. Ugonjwa ukipiga Ndhiwa, wa Karungu wapo. Mvua ikikosa huku chini, milimani Gwassi kuna majani. Wezi wakija usiku, watapata 15. Mkusanya kodi akija kuhesabu, atahesabu 15. Hata shemeji mwenye tamaa ya mahari atahesabu 15. Na kila mtu anayekuchungia ana sababu ya kutaka uwe hai mwaka ujao. Hiyo ndiyo ranchi yetu. Ilianzia milimani juu ya ziwa ikafika hadi karibu na mpaka wa Tanzania, bila waya hata mita moja.

Dani anasema ukoo mzima wa ng'ombe hao unatoka kwa jike mmoja aliyenusurika kwa sababu hakuwa nyumbani. Hili nalichukua kama simulizi la familia, lakini wakati unaingiana. Sotoka iliingia kupitia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia 1890 na 1891 ilikuwa inafagia Kenya. Ilimaliza ng'ombe, nyati, na jamii nyingi za wafugaji zikabaki na fimbo mkononi. Babu wa babu yangu alikuwa na jike kwa rafiki yake Gwassi. Zizi lake liliisha lote kwa siku chache. Yule wa Gwassi akabaki. Kila ng'ombe Dani aliyewahi kunitajia, ukifuata mama za mama zake, unafika mlimani kwa yule mmoja. (Sotoka yenyewe ilitangazwa kuisha duniani 2011. Chanjo iliyoimaliza ilitengenezwa Muguga, hapo tu Kikuyu, na timu ya Walter Plowright, na kisa cha mwisho kilichothibitishwa duniani kilikuwa cha nyati wa Meru, 2001. Nchi yetu ilihusika mwanzo mpaka mwisho na shuleni hatukuambiwa.)

Baada ya sotoka ukaja utawala wa Kiingereza, na huo nao ulipenda ng'ombe. Kodi ya nyumba ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1900, na ambaye hakuwa na rupia alilipa kwa mifugo. Sehemu zilizokataa zilitumiwa wanajeshi, na adhabu ya kawaida ilikuwa kuswaga ng'ombe wa kijiji kizima. Gusii, majirani zetu, walipata adhabu hiyo 1905 na tena 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki afisa Northcote. Wakati huo sisi sote tulikuwa wilaya moja, South Kavirondo, na habari zilisafiri.

Kwa hivyo 1913 Onyango Dunde wa Alego aliposema amemezwa na nyoka mkubwa wa ziwani, akatemwa akiwa na ujumbe, watu wa kusini mwa ghuba walisikiliza. Ujumbe wa Mumbo ulikuwa na mengi, kwamba wazungu wataondoka na nguo zao zisivaliwe, lakini lililonishika ni la mifugo: chinjeni, kuleni, wakiisha nitawatolea wengine ziwani, wengi kadiri mnavyotaka. Maafisa waliandika kwamba huo ni wendawazimu. Baadhi ya viongozi wa imani hiyo walipelekwa uhamishoni Lamu, mbali kabisa na lile ziwa.

Mimi sioni wendawazimu. Ng'ombe kutoka ziwani ni jambo ambalo mtoto yeyote wa Suba analijua kabla hajajua kusoma. Nyandiwa, kule Gwassi, utaonyeshwa mahali pa Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi maskini ambaye nyavu zake zilimtoa mwanamke majini. Akamchukua nyumbani. Asubuhi zizi likajaa ng'ombe. Alipotajirika akaanza kulewa na kumtusi, na siku moja mwanamke akainuka, akateremka ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho akazama. Nyamgondho akabaki ufukweni ameegemea fimbo yake mpaka akawa mti. Sasa mchukue mtu aliyelelewa na hadithi hiyo, babake amepoteza zizi zima kwa sotoka kwa wiki moja, yeye mwenyewe ameona lake likiswagwa na askari. Mwambie ng'ombe wanaweza kuja na kuondoka kwa ghafla kwa amri ya kitu kilicho majini. Atakuuliza lini.

Lakini aliyewashinda wote hawa ni mdudu. Simama juu ya Ndhiwa uangalie magharibi, utaona bonde la Lambwe: nyasi, nyasi, migunga, na vilima vya Gwassi kwa nyuma. Ni ardhi ambayo mtu wa ng'ombe akiiona anameza mate. Ina mbung'o. Mbung'o wa Lambwe hubeba nagana inayoua ng'ombe, na hubeba malale yanayoua watu. Janga la malale lililozunguka ziwa mwanzoni mwa karne ya 20 liliua zaidi ya watu 200,000 Uganda peke yake, na upande wetu lilimaliza vijiji vya ufukweni na kulihamisha bonde. Waliobaki walipanda juu. Watu walipoondoka, vichaka vikakua kwa sababu hakuna wa kuchoma wala kulisha, vichaka vikaleta wanyama, na wote wawili wakamlisha mbung'o. Ndivyo mzunguko huo unavyofanya kazi. Ng'ombe wengi wanaolisha sana humfukuza mdudu kwa kumnyima kivuli, lakini ng'ombe wachache wanaoingia kwa woga humshibisha.

Serikali ya kikoloni ilijaribu kufyekesha vichaka. Vikarudi. Baada ya uhuru watu walipewa makazi pembeni mwa bonde, na 1966 katikati yake pakafanywa hifadhi, Lambwe Valley Game Reserve, ambayo 1983 ilipandishwa ikawa Mbuga ya Taifa ya Ruma, kilomita 120 za mraba. Ndiyo mahali pa mwisho Kenya unapoweza kumwona korongo, yule swala mkubwa mwenye uso wa rangi mbili. Mwaka 1980 malale yalilipuka tena, na 1981 ndege zikanyunyiza dawa. Dani anakumbuka zile ndege. Anasema walidhani ni Amin, ilhali Amin alikuwa ameshatoroka miaka miwili nyuma.

Babu alikuwa na jibu lake kwa mbung'o, na halikuwa jipya. Hakupeleka ng'ombe bondeni mchana wakati wa kiangazi, na alijua ni ukingo upi unaolishwa baada ya moto na kwa wiki ngapi. Ng'ombe wake walikuwa zebu wadogo, wenye nundu, wale ambao mabwana mifugo walikuwa wanawacheka. Miaka ya 60 waliambiwa wachukue damu ya Sahiwal, ng'ombe mwekundu aliyetoka India na kuzaliwa upya Naivasha, mkubwa, mwenye nyama na maziwa. Babu alimtaka sana. Alinunua dume moja na likafa kwa nagana mwaka huohuo. Baada ya hapo alikuwa akisema Sahiwal ni ng'ombe wa mtu mwenye barabara.

Baadaye sayansi ilikuja kumkuta papo hapo alipokuwa. Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu, alianzisha ICIPE 1970, na kituo chake cha Mbita, mwendo mfupi kutoka bonde hilo, leo kinaitwa kwa jina lake. Siku hizi utaona mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi imesimama kwenye nyasi kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Mbung'o huipenda buluu, sijui nani alimfundisha. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya. Nilimpigia Dani simu kumwambia. Aliuliza kama ya ng'ombe pia imeisha. Nikamwambia bado. Akasema basi hawajamaliza.

Nikisoma kuhusu nyika za Marekani, zile za makauboi, huwa nakumbuka Lambwe. Kule pia nyasi hazikuwa tupu. Zilifanywa tupu: nyati wao waliuawa kwa mamilioni, wenyeji wakafungiwa kwenye maeneo madogo, halafu Joseph Glidden akapata hataza ya seng'enge yake 1874, na katika miaka michache mtu akaweza kufunga ardhi na kuiita ya familia. Kizazi cha nne, cha tano, picha za babu ukutani. Bonde letu pia lilifanywa tupu, na mdudu na siasa. Tofauti ni kwamba waliohamishwa ndio walewale waliobaki pembeni wakingoja, na mbele yao sasa kuna mbuga.

Upande wa mamangu mambo yalikuwa moto zaidi. Wakuria walikatwa kati na mstari ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora 1886, kutoka ziwani kwenye digrii ya kwanza kusini hadi pwani, bila kumuuliza mtu wa Kehancha wala wa Tarime. Mstari ulikuwa laini kwa ng'ombe na mgumu kwa polisi, kwa hivyo aliyeiba upande mmoja aliuza mwingine. Mahari ya Wakuria ilikuwa juu, na kijana asiyekuwa na dada wa kuolewa alikuwa na njia moja ya haraka. Michael Fleisher, aliyeandika Kuria Cattle Raiders, anasema bunduki ziliingia kwa wingi baada ya vita vya Kagera, 1978 na 1979, pale wanajeshi Wakuria wa Tanzania waliporudi nazo nyumbani kutoka Uganda. Miaka ya 80 na 90 wizi wa kimila ukawa biashara ya masoko. Mwaka 1998 koo nne za Wakuria wa Kenya, Abairege, Abanyabasi, Abakira na Abagumbe, zilichukua sungusungu kutoka upande wa pili wa mpaka, na wizi ukashuka sana, ingawa ukimuuliza mjomba wangu jinsi watu walivyokuwa wakihojiwa atakwambia mambo ambayo hayawezi kuandikwa hapa.

Ng'ombe wa babu waliokuwa kwa mjomba walipita yote hayo. Wawili waliibwa 1987, na mjomba alilipa mmoja bila kuulizwa. Mahari ya mama ilipohesabiwa, yule mmoja alitajwa.

Kilichomaliza mfumo huu hakikuwa na bunduki. Kilikuwa na kamba ya kupimia. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulitaka kila mkulima awe na kipande chake na hati yake, Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ikaupa nguvu, na miaka ya 70 wapimaji wakafika kwetu. Kabla ya hapo mavuno yakishatoka shambani, shamba lilikuwa la kila ng'ombe. Baada ya hati, mabua yana mwenyewe. Watu wakapanda ojuok mipakani. Kiwanda cha sukari kikaanza Awendo 1979, na miwa, tofauti na mtama, haitoki shambani. Inakaa mwaka na nusu na zaidi, halafu inachipua tena. Njia za ng'ombe kwenda mtoni zikazibwa moja moja. Kisha 2003 elimu ya msingi ikawa bure na wachungaji wote wakaenda darasani, jambo ambalo siwezi kulilaumu kwa sababu nilikuwa karibu kuwa mmoja wao.

Na bado kuna jambo moja la kale lililokataa kufa. Pesa za kuuza ardhi, kwa Dholuo, ni pesa makech, pesa chungu. Za dhahabu pia, na za tumbaku, na Migori ina zote mbili. Shipton aliandika kitabu juu yake 1989. Pesa hizo huwezi kununulia ng'ombe wa mahari. Ukinunua, watakufa, au mke atakufa, au nyumba haitasimama, isipokuwa zitakaswe kwanza. Ami yangu aliyefanya kazi kwenye mashimo ya Macalder alinunua boda na kujenga nyumba ya mawe, lakini ng'ombe aliwapata kwa kubadilishana na mbuzi, na mbuzi kwa kuku. Miaka minne! Nilicheka nilipoambiwa. Dani hakucheka.

Waliobaki walienda kwa njia mbili. Wa kwanza ni karo. Rateng' wa tatu ni diploma ya baba, ndama wake wawili ni shangazi muuguzi, na Silwal ndiye semesta zangu tatu, kwa hiyo mkiniuliza nina nini kutoka chuo, nina ng'ombe mmoja na robo. Njia ya pili ni mazishi. Homa Bay ilikuwa miaka hiyo juu kabisa ya orodha za VVU nchini, na kati ya 1996 na 2004 boma letu lilizika watu wazima watano. Kila mwanaume alichinjiwa dume, na madume mengine yakaendeshwa mbio kwa tero buru kufukuza kifo. Kizazi kilichofaa kurithi orodha ya Dani, kujua nani anachunga nani Uriri, ndicho kilichokuwa kinazikwa. Baadhi ya watu waliokuwa wanatuchungia walikufa wiki zilezile. Dani anaamini kuna ng'ombe wetu kama tisa ambao wajukuu wa wachungaji wanadhani ni wao. Hataki waulizwe.

Leo tuna 11. Disemba iliyopita tulikaa chini ya mwembe kuzungumza kuhusu hati, ambayo hadi leo ina jina la babu aliyekufa 2011. Binamu yangu anayefanya kazi Kisumu ana mpango: ekari zote 14 ziwe kitu kimoja, zizungushiwe seng'enge, tupande napier, tuweke Sahiwal kumi wa kunenepesha, tuuze nyama Kisumu na Nairobi. Ana hesabu kwenye simu na hesabu zake si mbaya. Barabara sasa ipo. Mimi nilibisha, nikasema kuhusu nagana na kuhusu deni la benki na hati ikiwa rehani, na nadhani bado niko sahihi, lakini hakuna mtoto wa kuchunga na hakuna shamba la jirani la kulishia, na hilo sikuwa na jibu lake. Dani alisikiliza wote. Akasema ekari nne zizungushiwe kwa majaribio, zilizobaki zisiguswe mpaka yeye asiwepo, na ng'ombe wanne walio nje wasirudishwe.

Mmoja wa hao wanne ni wangu. Alinipa pale mwembeni, mtamba mwekundu ambaye yuko kwa mjomba Kehancha tangu azaliwe. Nimeenda kumwona mara mbili, kwa basi hadi Migori, matatu hadi Kehancha, boda kwa lililobaki. Mjomba anasema ana mimba ya miezi sita. Ndama wa kwanza atakuwa wangu, wa pili wa mjomba, na tumeelewana hivyo mbele ya jirani zake wawili.